Ndege Kuukuu na Mfuko Wetu
(Mazungumzo na vikundi vya akina mama, Ruiru na Thika)



Swali mnalotuuliza ni hili: dispensari haina dawa, mbona serikali inanunua ndege za jeshi? Wengine wenu mna watoto jeshini, kwa hivyo tusilijibu kwa hasira tu.

Angalieni matatu ya Thika. Ikizeeka haifi siku moja. Inakula spea, kila wiki iko gereji, mwisho spea zenyewe hazipatikani. Ndege ni vivyo hivyo, ila yenyewe ikizima huko juu hakuna kando ya barabara. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet, akafa Jenerali Ogolla na wanajeshi wengine. Hatusemi uzee ndio uliowaua, lakini mzazi lazima aulize.

Na pesa? Kuna mtumba. Ndege za F-5 tulinunua Marekani miaka ya 1970, baadaye tukaongeza zilizokwisha kutumika Jordan. Bei nafuu, sawa, lakini ukinunua mtumba umenunua na umri wake. Za mizigo, Buffalo, nazo za miaka ya 1970, ilibidi kutafuta Spartan mpya za Italia.

Yote hutoka mfuko mmoja. Julai 2023 VAT ya petroli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mama wa Makongeni huilipa ndani ya nauli.

Kabla bajeti haijasomwa mwezi wa sita, Bunge huita maoni ya wananchi. Kila kikundi kitoe watu wawili, wakaulize: kuitunza ndege hiyo ni shilingi ngapi kila mwaka?