Kupanda Mukau Katika Mashamba Makavu



Ukishuka kutoka Embu kwenda Mbeere, au kutoka milima ya Nyambene kwenda Tharaka, kahawa hukoma, na mtama, uwele na ndengu huanza. Mgrevilea, uliotoka Australia ukastawi sana huko juu, hupenda nchi ya mvua. Nchi kavu ina mti wake wenyewe, nao ni mukau.

Wakulima huuliza: ikiwa ni mti wetu, mbona tukiupanda hauoti? Shida imo katika kokwa, ambayo ni ngumu mno. Mbuzi hula matunda na kuacha kokwa zizini, ziokoteni humo. Ipasueni kokwa polepole kwa kisu na nyundo, msije mkaiumiza mbegu. Kateni ncha ya mbegu kidogo, iloweshwe usiku mmoja katika maji baridi, kisha ganda lake jembamba lichanwe kwa wembe, ipandwe katika mchanga wenye joto. Kazi hii yataka mkono mwepesi kuliko nguvu.

Miche ihamishwe shambani mvua zianzapo, ikiachana sana, ili mtama upate jua. Vichipukizi vya ubavuni viondolewe vingali vichanga, shina linyoke.

Wakati wa kiangazi majani yake ni chakula cha mbuzi, na mchwa hawali mbao zake upesi. Tangu mwaka 2012 wataalamu wa misitu wa Kenya na wa Japani walichagua, huko Kitui, ng'ambo ya mto Tana, mikau istahimiliyo ukame zaidi; ulizeni mbegu hizo. Mbao hupatikana baada ya miaka 10 hadi 15. Auuzaye mti kabla ya hapo hulipwa bei ya kuni.