Mkasi Kwenye Katuni: Tusikatiwe Kimya Kimya

(Maneno ya mazungumzo na vijana, Jumamosi baada ya Asri. Tumeyaandika hapa kwa wale walioomba na hawakuweza kufika.)



Kaka na dada zangu, najua mkisikia mada ya leo ni katuni wengine mtasema, "Kwani tumekosa mambo ya maana?" Nipeni robo saa tu. Katuni ndiyo darasa la kwanza la mtoto, analiingia hata kabla hajajua kusoma. Kwa hivyo anayeamua mtoto aone nini na asione nini, huyo ni mwalimu, tupende tusipende.

Nianze nyumbani. Juzi nilikuwa nimekaa na mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, tunaangalia Tom and Jerry ya zamani. Mimi nilishaiona mara mia. Nikamwambia, "Ngoja, sasa hivi anakuja yule mama anayeonekana miguu tu, atampiga Tom na ufagio." Tukangoja. Mama hakuja. Picha iliruka, Tom akawa yuko nje tayari. Mtoto akanigeukia, "Mjomba, wewe uliota."

Sikuota. Nikaanza kufuatilia.

Yule mama kwenye katuni ni mfanyakazi wa nyumbani, Mmarekani Mweusi. Alianza kuonekana katika katuni ya kwanza kabisa ya Tom na Jerry, mwaka 1940. Sauti yake ilikuwa ya mwigizaji Mweusi, Lillian Randolph. Watu Weusi wa Marekani walilalamika, na walikuwa na haki: kila mara Mweusi akionyeshwa ni mtumishi, Kiingereza kimevunjwa, na hata uso hana. Mara yake ya mwisho ilikuwa 1952.

Lakini katuni zile ziliendelea kurudiwa kwenye TV. Sasa sikilizeni walichofanya. Miaka ya 1960, kwa ajili ya marudio ya TV, baadhi ya sehemu zilichorwa upya. Yule mama Mweusi akaondolewa, akawekwa mwanamke mzungu mwembamba mwenye lafudhi ya Kiairishi. Miaka ya 1990 picha yake ya zamani ikaachwa lakini sauti ikabadilishwa, akaletwa mwigizaji mwingine Mweusi, Thea Vidale, azungumze kwa namna isiyodhalilisha. Na mahali pengine alikatwa tu, kama nilivyoona mimi.

Mnaona? Mtu mmoja, ameguswa mara tatu. Na mtoto aliyekaa mbele ya TV hakuambiwa hata mara moja.

Hapo ndipo swali langu lilipo leo. Siulizi kama vipindi vya watoto vikatwe au visikatwe. Vinakatwa, na vingine vinastahili. Mwaka 2012 televisheni ya taifa ya Australia iliacha kurusha kipindi kimoja cha Peppa Pig kilichowafundisha watoto kwamba buibui hana madhara. Kule wako buibui wenye sumu! Nani atabisha? Huko Japani mwezi Desemba 1997 kipindi kimoja cha Pokémon kilikuwa na mwanga mwekundu na buluu ukipepesa kwa kasi, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Hakijarudiwa tena mpaka leo, na ni sawa kabisa.

Swali langu ni hili: anayekata anatuambia?

Tuje kwenye yanayotugusa sisi. Filamu ya Aladdin ya Disney ilitoka 1992. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa na mstari uliofanya kukatwa sikio kuonekane kama jambo la kila siku huko Uarabuni. Waarabu wa Marekani, kupitia shirika lao la American-Arab Anti-Discrimination Committee, walilalamika. Kanda za video zilipotoka 1993, mstari ule ulikuwa umebadilishwa. Walijipanga, wakasema, wakasikizwa. Hongera kwao.

Lakini angalieni kilichobaki. Neno la kuiita nchi ile ya kishenzi liliachwa palepale, likaja kuondolewa kwenye filamu mpya ya 2019. Na kitu ambacho mkasi haukukigusa ni lafudhi. Aladdin na Jasmine wanaongea kama vijana wa Marekani. Walinzi na wafanyabiashara wa sokoni wanaongea kwa lafudhi nzito ya Kiarabu. Mtoto anajifunza bila kufundishwa: mwema anaongea kama wao, mbaya anaongea kama babu yangu. Ukikata mstari mmoja, somo hilo liko palepale. Pengine limekuwa baya zaidi, manake sasa kila mtu anasema, "Si tulisharekebisha?"

Sasa mfano wa pili. Fireman Sam, katuni ya zimamoto ya Uingereza. Mwaka 2016 watu waligundua kwamba katika kipindi kimoja cha miaka miwili nyuma, Elvis, mmoja wa wale wazimamoto, anateleza kwenye makaratasi, na moja linalorushwa hewani ni ukurasa wa Qur'ani. Wenye macho waliutambua, ni Suratul Mulk. Naam, sura ile ile ambayo wengi wetu tunaisoma kabla ya kulala.

Kampuni ilifanya nini? Ilijitokeza hadharani. Ikasema kosa limetokea, mtu katika utengenezaji alidhani anaweka maandishi ya kujazia tu, na hawakuona dalili ya nia mbaya. Ikaomba msamaha, ikaondoa kipindi, ikasema haitafanya kazi tena na studio iliyohusika. Mtu anaweza kusema ni kidogo. Lakini kila Muislamu aliyeumia alijua nini kimetokea, kimeondolewa na nani, na kwa nini. Hiyo ndiyo tofauti ya kurekebisha na kuficha.

Kuficha kuko hivi. Mwaka 1976 kipindi cha Sesame Street kilimleta yule mchawi wa filamu ya The Wizard of Oz. Watoto waliogopa, wazazi wakaandika barua. Kipindi hakikurudiwa tena. Kikakaa miaka 46 mpaka 2022 kilipojitokeza kwenye intaneti. Watu walipokiona, wengi walicheka tu, "Kumbe ni hiki?" Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kujiamulia.

Na hapa kwetu Kenya? Mwaka 2017 bodi ya kuainisha filamu iliagiza katuni sita ziondolewe kwenye televisheni ya kulipia, zikiwemo The Loud House, Steven Universe na Adventure Time, kwa sababu ya mambo ya ushoga. Wapo waliofurahi na wapo waliokasirika, na najua ukumbi huu wengi wako upande gani. Mimi nataka mtazame njia iliyotumika. Orodha ilitajwa kwa majina na sababu ikatolewa. Aliyetaka kupinga alijua anapinga nini, na aliyetaka kuunga mkono alijua anaunga nini. Tushike hapo. Manake ndugu zangu, mkono unaokata leo unachokichukia wewe, kesho unaweza kukata unachokipenda. Ukiuzoesha kukata kimya kimya, siku utakapokata mtoto wa hijabu kwenye katuni, au adhana ikisikika nyuma ya mchezo, hutajua hata kama alikuwepo.

Sasa nikiri jambo. Mwaka jana baadhi yetu tuliona marudio ya katuni moja ya zamani kwenye kituo fulani, mwizi amevalishwa kilemba, ana jambia na pua kubwa. Tulikasirika. Nikaandika barua mimi mwenyewe, ukurasa mmoja, na ombi lilikuwa neno moja: futeni. Kabla hatujaituma nikampelekea ustadha aliyenifundisha madrasa nikiwa mdogo. Akaisoma, akanirudishia. Akaniambia, "Mwanangu, wakishaifuta, siku mtoto wako akikuuliza kwa nini wanatuogopa, utamwonyesha nini?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nataka wafute tusi, na pamoja na tusi nilikuwa nawafutia ushahidi.

Barua ile tuliiandika upya. Tukaomba vitu vitatu, na ndivyo ninavyotaka mwondoke navyo leo.

Kwanza, mtoto mdogo alindwe. Katuni ya matusi haina kazi saa kumi na mbili jioni wakati watoto wako peke yao. Disney waliweka maelezo ya onyo mbele ya Dumbo na Peter Pan mwaka 2020, na mwanzo wa 2021 wakaziondoa kwenye akaunti za watoto, lakini mtu mzima bado anaziona. Inawezekana.

Pili, asili isiangamizwe. Kanda za Tom na Jerry zilizotoka 2005 zilikuwa na utangulizi wa Whoopi Goldberg, mwigizaji Mweusi, akieleza kwa nini katuni zile zimeachwa zilivyo: kuzikata ni kujifanya ubaguzi haukuwepo. Yeye ndiye mwenye kidonda, na yeye ndiye aliyesema kisifichwe.

Tatu, tuambiwe. Kama kuna kilichokatwa, kituo kiandike: kipindi hiki kimehaririwa, sababu ni hii. Mstari mmoja tu kwenye kioo.

Ukiona jambo, usikimbilie kutukana mtandaoni. Andika jina la kipindi, kituo, siku na saa. Iandikie kituo kwanza. Usiporidhika, nenda Mamlaka ya Mawasiliano, ndiyo inayosimamia kanuni za vipindi, pamoja na ile inayotaka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku pasirushwe mambo ya watu wazima. Na kama ni ofisi ya serikali iliyoamuru kitu kiondolewe, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuuliza na kupewa habari. Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Itumieni, ni yenu.

Kile kituo kilitujibu? Bado. Tumeandika tena.

Na yule mpwa wangu nilimtafutia ile katuni nzima. Tulipofika kwa yule mama nikaisimamisha, nikamweleza kwa nini hana uso. Akafikiri kidogo, akauliza, "Mjomba, kwa hivyo yeye alikuwa anaitwa nani?"

Hilo swali hangeuliza kama asingemwona.

Allah atupe macho ya kuona na ulimi wa kusema kwa haki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.