UTANGAZAJI KAMA SOMO LA CHUO KIKUU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, shuleni Tabora)



Nimepewa dakika ishirini niseme juu ya masomo ya utayarishaji wa vipindi vya redio, televisheni, na hizi podikasti zilizoingia juzijuzi. Nilikuja na karatasi zenye historia ndefu ya redio duniani. Lakini jana jioni nilipita darasa la Kidato cha Sita nikaulizwa swali, nami naona ni heri karatasi zile zibaki mfukoni nilijibu swali. Kijana mmoja wa HKL alisema kuwa baba yake ni mkulima wa tumbaku huko Urambo. Baba amesikia kwamba mwanawe anataka kwenda chuo kikuu kusomea utangazaji, akasema hawezi kuuza tumbaku ya misimu mitatu ili mtoto akafundishwe kushika simu na kuongea. Kijana akaniuliza: nimjibu nini?

Mzee huyo si mtu wa kuchekwa. Kama chuo kikuu kingekuwa kinafundisha kushika simu na kuongea, angekuwa na haki ya kufunga mfuko wake. Mashine zimeshuka bei sana. Vyombo vilivyojaza vyumba vya Radio Tanzania Dar es Salaam pale Barabara ya Pugu, vinasa sauti vizito, meza za kuchanganyia sauti, nyembe za kukatia kanda na utepe wa kuziungia, kijana wa leo anavyo vyote katika simu moja, na juu yake ana kamera. Wala hatuwezi kumwambia mzee kwamba kazi hii ni ngeni kwa watu wa maana. Rashidi Kawawa, aliyesoma hapa hapa na akawa Waziri Mkuu mwaka 1962, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mchezaji mkuu katika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Lakini hakuhitaji shahada ya chuo kikuu kuicheza, kwa hiyo hoja hiyo peke yake haimtoshi mzee wetu.

Basi nitaeleza kazi yenyewe ilivyo, halafu yeye apime.

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee mlioketi mbele mnaikumbuka, na huenda baadhi yenu mlichimba vyoo vyake. Kwa majuma 12 watu walikutana katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyepata mafunzo. Walisikiliza kipindi cha redio kwa pamoja, wakasoma kitabu kilichochapwa kwa kazi hiyo, wakajadiliana habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakaamua la kufanya kijijini kwao. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Sasa fikirini kazi iliyokuwamo. Nani alipima urefu wa kipindi ili wasikilizaji wabakiwe na muda wa kuzungumza? Nani aliamua ugonjwa upi utangulie? Nani alihakikisha kwamba kitabu kinafika Sikonge kabla ya kipindi chake, maana kikifika juma linalofuata ni karatasi ya kufungia karanga? Mtangazaji mwenye sauti nzuri hayumo katika maswali hayo hata moja. Kazi hiyo ndiyo iitwayo utayarishaji.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na ugonjwa wa UKIMWI. Mtu aliyesemwa sana katika mchezo ule alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. (Sisi wa Tabora tunamfahamu Mkwaju vizuri, babu zake walipita hapa kwa miguu wakiwa na pembe za ndovu mabegani.) Watafiti walifanya jambo la akili. Kwa miaka miwili ya mwanzo, hadi 1995, mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo ule. Wasikilizaji wa eneo lile walipewa vipindi vingine. Kisha wakalinganisha. Mahali mchezo uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko eneo la Dodoma. Na Dodoma nao walipoanza kuusikia, kwao pia yakapanda. Nakiri kwamba mahesabu ya utafiti si sehemu niliyoipenda nilipokuwa chuoni. Hata hivyo bila hayo mtayarishaji hubaki kujisifu kwamba kipindi chake kinapendwa, kwa kuwa shemeji yake amekisifu.

Mimi niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya kile Chuo cha Uandishi wa Habari, kilichoanza mwaka 1975, kuunganishwa nacho mwaka 2003. Madarasa yetu yalikuwa Mikocheni, mbali kidogo na Mlimani kwenyewe. Wenzetu wengine walisomea Nyegezi, Mwanza, katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ambako uandishi wa habari ulifundishwa miaka mingi kabla hakijaitwa chuo kikuu mwaka 1998. Ni miaka mitatu. Unafundishwa kuandika kwa ajili ya sikio, ambalo haliwezi kurudi nyuma kusoma tena sentensi iliyoipita. Unafundishwa sauti: kwamba maikrofoni ikae umbali wa shubiri moja na mdomo, kwamba nyumba ya bati tupu inarudisha mwangwi na nguo zilizotundikwa ukutani zinaumeza, kwamba kabla hujaondoka mahali urekodi dakika nzima ya ukimya wa mahali pale, maana ukimya wa Urambo si ukimya wa Kariakoo na utauhitaji wakati wa kuhariri. Unafundishwa picha, sheria, historia ya vyombo vya habari, na maadili. Katika haya yote, wanafunzi wengi huliona la mwisho kuwa somo la kupitisha muda. Nitalisema hilo kwa urefu, maana naona ndilo jibu la mzee wa Urambo.

Ndugu Mwenyekiti, mji huu ulikuwa na Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz. Anayetaka kuzisikia leo anaweza, kwa sababu zilipita mbele ya maikrofoni za Radio Tanzania na kuna mtu aliyeitunza kanda. Sasa turudi nyuma. Mwezi Novemba 1857 Burton na Speke walifika hapa, wakati ule pakiitwa Kaze. Mwaka 1872 Stanley na Livingstone walikaa pale Kwihara, na Livingstone akabaki hadi Agosti. Wote hao waliandika vitabu, nasi tunavisoma. Wanyamwezi waliobeba mizigo katika njia hii, waliokwenda pwani na kurudi kwa maelfu kila mwaka, safari ya miezi miwili mitatu kila upande, tunawasoma kwa kalamu za hao hao waliobebewa. Kirangozi alitangulia na bendera, baragumu likalia, msafara mzima ukaitikia wimbo. Mwitikio ule tunausoma jinsi mgeni alivyousikia. Mashine ya Edison ya kunasa sauti ilitoka mwaka 1877, na reli ikafika Tabora mwaka 1912. Hiyo ni miaka 35 ambayo mashine ilikuwapo duniani na wapagazi walikuwapo njiani. Mimi sijapata kusikia sauti ya mpagazi hata mmoja wa njia hii.

Wajukuu wao wapo. Kwa sababu hiyo, kwa misimu kadhaa ya kiangazi nimekuwa nikichukua wanafunzi wangu wachache tunafuata njia: Kwihara, Urambo, Uvinza, hadi Ujiji, tukiwarekodi wazee. Katika kijiji kimoja, nisichokitaja na mtaona sababu, tulikaa na mzee mmoja saa nne chini ya mwembe. Alituimbia nyimbo mbili za safari alizofundishwa na babu yake. Akatueleza chumvi ya Uvinza ilivyofungwa, na jembe lilivyokuwa fedha. Kisha, bila kuulizwa, akasema kwamba nyanya yake hakuzaliwa huku. Aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, akauzwa. Akanyamaza. Tulipopima baadaye, ukimya ule ulikuwa wa sekunde kumi na moja. Halafu akasema watoto wake hawalijui jambo hilo, na akatuomba tusilitangaze mpaka awaambie mwenyewe.

Ninyi vijana mnaelewa tulikuwa na nini mkononi. Katika saa nne zile, hapo ndipo palipokuwa na kipindi. Mwanafunzi mmoja, kijana hodari, alisema njiani: mzee hana simu ya intaneti, watoto wake wako mjini, tubadili jina tu, nani atajua? Mwingine akajibu kwamba sauti ni jina. Mtoto hawezi kuisahau sauti ya baba yake hata umbandike majina kumi. Walibishana kutoka pale hadi tukavuka mto Malagarasi, nami nikawaacha wabishane, kwa kuwa darasa la namna hiyo halipatikani ubaoni.

Tulikifungia kipindi. Tuliandika juu ya rekodi kwamba sehemu fulani haifunguliwi, na sababu yake, ili hata mimi nikifa leo atakayeikuta asiirushe kwa kutojua. Ulipita mwezi mmoja, ukapita wa pili. Nilikuwa nimeanza kuizoea hasara ile pale binti wa mzee aliponipigia simu. Alisema baba amewaita wote nyumbani, amewaambia. Mmoja wa kaka zake alikasirika akaondoka usiku ule ule. Yeye binti alitaka kuisikia rekodi kabla ya mtu mwingine. Tulimpelekea. Baada ya siku nne akapiga tena: rusheni, lakini msitaje ukoo wala kijiji, na msiikate pale baba aliponyamaza. Kule kunyamaza mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amekwisha kukupunguza kubaki sekunde mbili, kwa maoni kwamba msikilizaji atadhani redio imeharibika. Tukazirudisha zote kumi na moja, kwani rekodi ya asili hatukuwa tumeigusa.

Kaka aliyekasirika bado hajazungumza na baba yake, kwa habari nilizonazo. Hilo nalo ni sehemu ya kazi, na sina maneno matamu ya kulifunika.

Sasa mwambieni mzee wa Urambo hivi: kijana mwenye simu na asiye na mafunzo angemaliza kazi ile siku ile ile. Jioni nchi nzima ingesikia, na binti angejua asili yake kutoka kwa jirani.

Naye atauliza juu ya mshahara, na ni haki yake. Mkate wa kazi hii si mnene. Vituo ni vingi kuliko zamani. Kabla ya miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio ya taifa basi, na televisheni haikuwapo kabisa, ingawa Zanzibar ilikwisha kuwa nayo ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. ITV ilianza mwaka 1994, na baada yake milango ikafunguka. Lakini vijana wengi wanaotoka chuoni hulipwa kwa kila habari inayotumika, na isiyotumika ni nauli yao imekwenda. Wenye nafuu ni waliojua zaidi ya kutangaza: wahariri wa picha, mafundi wa sauti, watu wanaoweza kuandaa kipindi cha kilimo au afya kwa mashirika na wizara. Kwa hiyo ninyi wa PCM msidhani leo nimekuja kuwasemesha watu wa HKL peke yao. Fundi wa sauti anayejua fizikia ya sauti ni adimu.

Tena wajue kuna sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake, ilitaka mwandishi wa habari awe na angalau stashahada ya fani hiyo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikadai leseni hata kwa wa blogu na podikasti, na ada zake za mwanzo, ukijumlisha, zilipita shilingi milioni 2. Zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo kabla ya kuanzisha chombo chako kaulize Mamlaka ya Mawasiliano, usimsikilize rafiki. Maoni yangu ni kwamba ada ile ilikuwa kubwa mno kwa kijana wa Tabora, na nimelisema hilo mahali panapohusika.

Ndugu Mwenyekiti, naona kengele iko mkononi mwako. Nimemkabidhi mwalimu wa Kiswahili kinasa sauti kimoja, maikrofoni mbili na daftari la kuandikia nani karekodiwa, lini, wapi, na ametoa ruhusa gani. Wazee watatu wa Kwihara wamekubali kuzungumza na wanafunzi Jumamosi ijayo asubuhi. Nafasi ni sita. Yule kijana wa HKL ameshachukua moja.