Picha Nane Ziko Wapi?

Mimi ni nesi, si mtaalamu wa sanaa, kwa hiyo mtanivumilia.

Wengi wetu tuliingia nchi hii kwa mlango wa Newark. Jengo la zamani la uwanja ule, la mwaka 1935, kuta zake ziliwahi kuwa na picha kubwa 10 za mambo ya ndege. Serikali ya Marekani ilizilipia miaka ya 1930, kwa mradi wa kuwapa kazi wasanii waliokumbwa na ukata. Mchoraji alikuwa Arshile Gorky, Muarmenia aliyekimbia mauaji ya watu wake. Mama yake alikufa kwa njaa mwaka 1919. Alipozichora hakuwa raia. Uraia aliupata 1939. Yaani mkimbizi, makaratasi hayajakamilika, anakabidhiwa ukuta wa umma!

Basi vita vikaja, jeshi likachukua uwanja, kuta zikapakwa rangi. Baadaye rangi juu ya rangi. Gorky mwenyewe alifariki 1948, na jina lake likaja kuwa kubwa wakati kazi yake imefukiwa pale pale abiria wanapopita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo zikatafutwa, na mama mmoja mwanahistoria wa sanaa, Ruth Bowman, alikuwa mstari wa mbele. Chini ya tabaka 14 za rangi zikapatikana 2. Kuzibandua ilikuwa kazi ya subira, kama kutoa bendeji iliyogandia kwenye kidonda. Leo ziko jumba la makumbusho la Newark. Nendeni na watoto.

Nane hazikuonekana tena. Tunajua zilivyofanana kwa sababu ya picha za kamera na michoro ya maandalizi iliyobaki.

Hapo ndipo ninapotaka tubishane. Hakuna aliyeiba. Ni mkubwa fulani aliona ukuta umechakaa, akaagiza ndoo ya rangi. Kwetu je? Kila awamu inakuja na rangi yake, na mwananchi aliyelipia ukuta haulizwi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukienda likizo, pita stesheni, posta, hospitali ya wilaya. Ukikuta picha ukutani ipige, andika ni wapi na mwaka gani, muulize mzee wa pale nani aliichora. Mimi nitaanza Desemba, Mungu akipenda.