Ardhi Isiyodaiwa Huhesabiwa Haina Mwenyewe

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka, Lokiriama



Halmashauri ya chama ilitupa sisi wachache kazi ya kuitazama habari ya ardhi, nasi twaleta mbele yenu yale tuliyoyaona. Swali ni moja, nalo limeulizwa katika kila baraza: je, ardhi hii iandikishwe, au iachwe kama ilivyo? Wako wasemao kwamba hati ni mtego, na kwamba babu zetu waliishi bila karatasi. Wako pia, hasa vijana wetu wa mjini, wasemao kwamba kila mtu akatiwe kipande chake na kupewa hati yake. Twaona pande zote mbili zina hofu ya haki. Lakini kila upande waiona hatari moja na kuisahau ya pili.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba nchi hii haikuwa tupu kamwe. Mgeni apitaye kwa gari huona mchanga, miiba na milima, akasema, "Hapa hapana mwenyewe." Sisi twajua kwamba kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto kina aliyekichimba, na asiye wa nyumba ile huomba kabla ya kunywesha mifugo yake. Twaijua ekwar, yaani kipande cha miti kando ya Turkwel na mito mingine, kilicho cha jamaa fulani: maganda ya ewoi yaangukayo hapo ni chakula cha mbuzi wao wakati wa kiangazi, wala mtu hakati mti pasipo idhini yao. Twaijua ere, mahali pa nyumbani ambapo watu hurudi mvua inyeshapo; na adakar, maboma yanayohama na kulisha pamoja kwa ajili ya usalama. Hizi zote ni haki. Zina mashahidi, na zina mahali pa kuamuliwa, chini ya mti wa wazee. Upungufu wake ni huu tu, kwamba hazimo katika kitabu cha serikali.

Nchi yetu imepita mikononi mwa wengi pasipo wenyewe kuulizwa. Hadi mwaka 1926 sehemu kubwa ya nchi ya Waturkana ilihesabiwa kuwa ya Uganda, katika jimbo lililoitwa Rudolf. Mwaka huo ikahamishiwa Kenya kwa amri iliyotolewa Uingereza, na haikuwa kwa shauri la wazee wa huku. Baada ya uhuru ardhi yetu ikawa amana mikononi mwa baraza la wilaya. Ndipo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, ikasema wazi kwamba ardhi ya jamii ni mali ya jamii yenyewe, na kwamba ile isiyoandikishwa itashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Mwaka 2016 Bunge likatunga Sheria ya Ardhi ya Jamii, ili kuonyesha njia ya kuiandikisha. Kwa hiyo leo tunaitwa kusema neno letu, jambo ambalo babu zetu hawakuitiwa.

Wanachama wapenzi, kabla hatujajibu wito huo, na tutazame yaliyowapata wengine walioitwa kabla yetu.

Mwaka 1908, katika ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, serikali ya Waingereza ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye madai ya shamba au kiwanja aliamriwa ayapeleke mbele ya mwandikishaji, alete ushahidi, na akikubaliwa apewe hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikawa ardhi ya Taji. Kwa mwenye shamba wa Mombasa au Malindi, ambaye alikuwa na maandiko na mtu wa kumsemea, njia hii ilikuwa nyepesi. Lakini Wamijikenda wengi, ambao haki yao ilikuwa katika kufyeka msitu, kulima na kuzika wazee wao, hawakuandikwa. Wajukuu wao wakaitwa maskwota juu ya ardhi waliyozaliwa. Zaidi ya miaka 100 imepita, na shauri hilo bado huleta machozi na ugomvi katika pwani yetu.

Msidhani kwamba jambo hili ni la Afrika peke yake. Mwaka 1848 Marekani, baada ya kuishinda Meksiko vitani, ilipata nchi ya California. Mkataba wa amani uliahidi kwamba mali za wenyeji zitaheshimiwa. Lakini mwaka 1851 Bunge la Marekani likatunga sheria na kuweka tume ya watu watatu: kila mwenye kudai ardhi aliyopewa zamani na Hispania au Meksiko alipaswa kuyaleta madai yake katika muda wa miaka miwili. Asiyeleta, ardhi yake ilihesabiwa kuwa ya umma. Madai 813 yakaletwa. Mengi yalikubaliwa, walakini kesi zilikwenda kutoka tume hadi mahakama, na kutoka mahakama moja hadi nyingine, hata zikachukua wastani wa miaka kama 17. Wengi walishinda kesi, kisha wakaiuza ardhi kulipa madeni na ujira wa mawakili.

Hao walikuwa na karatasi. Je, wasiokuwa nayo? Makabila ya asili ya California yalikuwa juu ya ardhi ile kabla ya Mhispania wa kwanza kufika, lakini wengi wao hawakufika mbele ya tume. Mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya watu waliokaa katika shamba kubwa liitwalo Warner's Ranch, kwamba kwa kuwa hawakuleta madai yao katika muda uliowekwa, haki yao haikuwapo tena. Mwaka 1903 Wacupeño wakahamishwa kutoka kijiji chao, penye chemchemi za maji ya moto na makaburi ya wazee wao. Ndugu zetu, hawa hawakushindwa kwa kusema uongo. Walishindwa kwa sababu kitabu kilifungwa na jina lao halimo. Waswahili walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Na tusitazame mbali tu. Ng'ambo ya ziwa letu, katika Marsabit, ekari 150,000 za malisho ziliwekewa hati kwa ajili ya mitambo ya umeme wa upepo. Wenyeji walipinga, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati zile hazikupatikana kwa njia ya halali. Kwetu sisi, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na makao ya Kalobeyei yakafunguliwa mwaka 2016. Mafuta yaligunduliwa Ngamia mwaka 2012. Hatusemi kwamba wageni wasije au kazi zisifanywe. Mgeni aliyekimbia vita hafukuzwi. Twasema tu kwamba mwenyeji ambaye jina lake limeandikwa huulizwa kabla ya jambo kufanywa, na yule ambaye hakuandikwa huarifiwa baadaye.

Hiyo ndiyo hatari ya kunyamaza. Sasa tuitazame hatari ya pili, ya kukata vipande.

Mwaka 1968 Kenya ilipata sheria ya ranchi za vikundi, na Wamasai wa Kajiado wakaandikishwa kwa makundi. Katika miaka ya 1980 na baadaye ranchi nyingi zikagawanywa, kila mtu akapewa hati yake. Siku ya kugawa ilikuwa ya furaha. Lakini mwenye kipande kilicho kikavu hakuweza kukaa hapo mwaka mzima. Wengine waliuza kwa shida ya siku moja. Seng'enge zikaziba njia za mifugo. Kiangazi kikali kilipofika, mtu alikuwa na hati mkononi na ng'ombe wake hawana pa kwenda. Ikiwa hayo yamewapata watu wa Kajiado, wanaopata mvua kuliko sisi, itakuwaje hapa, ambapo mvua hunyesha Loima mwaka huu na mwaka ujao ikanyesha kwingine? Riziki yetu ni katika kuhama. Ardhi iliyokatwa vipande haihami, wala mvua haitafuti mwenye hati.

Basi shauri letu ni hili: ardhi iandikishwe, lakini iandikishwe kwa jina la jamii nzima, na haki za jamaa ziandikwe ndani yake. Sheria ya 2016 yaruhusu jambo hilo. Jamii huchagua kamati ya watu wasiopungua 7 wala kuzidi 15. Mkutano wa jamii ni wa watu wazima wote, na ardhi haiwezi kutolewa pasipo kukubaliwa na theluthi mbili za mkutano huo. Jamii yaweza kumpa mwanachama wake, au kundi la wanachama, sehemu ya kutumia peke yao. Lakini hapati hati ya kuitenga, wala haki yake haiishindi haki ya wote. Je, wazee, hiyo siyo ekwar yenyewe? Mambo mliyoyalinda kwa neno, sheria sasa yayapa mahali pa kuandikwa.

Lakini angalieni muda. California walipewa miaka miwili. Kwetu, serikali itakapotangaza kusudi la kupima ardhi na kuwaita wenye madai, tangazo hilo ni la siku 60. Katika siku 60 mchungaji aliye mbali na mifugo huenda hata asisikie kwamba ameitwa. Kwa hiyo kazi ya kukusanya madai ni yetu, na yapasa ianze kabla tangazo halijatoka. Twaomba mkutano huu ukubali mambo manne.

La kwanza, kila adakar ichague wazee na vijana wawili wenye kujua kusoma, wakae pamoja na kuandika: kisima kipi ni cha nani, ekwar ipi ni ya jamaa gani na yaishia mti upi, njia za mifugo, malisho ya kiangazi yasiyojengwa. Mzee aseme, kijana aandike, na jirani ashuhudie. Mahali penye ugomvi paandikwe kwamba pana ugomvi. Jambo lililofichwa katika kitabu halifi.

La pili, akina mama na wajane wahesabiwe. Sheria yakataza ubaguzi katika ardhi ya jamii, na aliyeolewa ndani ya jamii ni mwanachama wake. Pia wao ndio wachotao maji visimani na kuokota maganda ya miti. Mara nyingi ushahidi wao ni mzuri kuliko wetu.

La tatu, walio mbali waandikwe kana kwamba wako hapa: aliyevuka na mifugo, aliye shuleni, na aliye kazini Nairobi.

La nne, haki ya jirani iandikwe kando ya haki yetu. Hapa Lokiriama, mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walizika silaha na kufanya amani, na kila mwaka watu hukusanyika hapa kuikumbuka. Amani ile ilisimama juu ya jambo moja la kweli: kwamba katika njaa sisi huvuka kwenda kwao, na maji na majani hayajui mpaka. Daftari letu likisahau hilo, litakuwa limeifukua silaha iliyozikwa. Yaandikwe basi malisho ambayo jirani huomba na kupewa, na desturi ya kuomba.

Tunajua jibu la wanaopinga. Wasema: "Mkichora mstari, mtaleta vita, tuliishi vema kwa kutokuwa na mistari." Neno hilo lina uzito, nasi hatulidharau. Ni kweli kwamba mstari uliochorwa na mtu mmoja ofisini huleta vita. Lakini mistari inakuja, tupende tusipende: ya barabara, ya mji wa Lodwar unaopanuka, ya visima vya mafuta. Ikiwa itachorwa, na ichorwe wazee wakiwapo, majirani wakiwapo, na njia za kupita zikiachwa wazi. Wengine wasema, kaunti yatushikia amana na hairuhusiwi kuiuza. Ni kweli, sheria yaikataza. Walakini mwenye mali hamwachii mshika amana milele, wala haachi kuuliza hesabu.

Wazee wetu, sisi tuliosoma twaweza kuandika, lakini hatujui mti ambapo ekwar ya fulani yaishia. Ninyi mwajua. Kila mwaka twawazika baadhi yenu, na pamoja na kila mzee twazika mashahidi wa visima na malisho ambao hakuna mahakama iwezayo kuwaita tena. Mali bila daftari hupotea bila habari. Twawaomba mseme sasa, nasi tutaandika. Na daftari la kwanza lisomwe kwa sauti mbele ya wote katika mkutano wa mwaka ujao, ili aliye na neno alitoe.