NENO MOJA KWENYE KITAMBULISHO
Hotuba ya walimu wa kambi, Siku ya Kumbukumbu



Kwa niaba ya walimu wa shule za kambi, tunatoa pole kwa kila familia inayokumbuka watu wake leo. Kamati imetuomba tujibu swali ambalo watoto hutuuliza darasani: Wahutu na Watutsi walianza lini kuchukiana? Nyumbani wengi huambiwa, "Tangu zamani." Sisi walimu tunaona kwamba jibu hilo si sahihi, tena ni la hatari. Jambo lisilo na mwanzo, watu hudhani halina mwisho.

Majina Mhutu, Mtutsi na Mtwa hayakuletwa na mzungu. Yalikuwepo, na hatutawadanganya kwamba enzi za wafalme zilikuwa za raha kwa wote. Kulikuwa na mabwana na watumishi, na huko Rwanda kazi ya lazima iitwayo uburetwa iliwaelemea Wahutu. Lakini watu hao walisema lugha moja, waliishi kilima kimoja, walimwomba Imana mmoja. Ukoo mmoja, kama Abasinga au Abazigaba, ulikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Mhutu aliyepata ng'ombe na cheo aliweza kuhesabiwa Mtutsi, na lugha zetu zina neno la jambo hilo: kwihutura. Ukuta ulikuwepo, lakini ulikuwa na mlango.

Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu akidai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa uzao wa watu waliotoka kaskazini, walio bora kuliko Waafrika wengine. Ilikuwa dhana tu. Wajerumani, na baada yao Wabelgiji walioingia mwaka 1916, waliifanya dhana hiyo kuwa siasa ya serikali. Mtutsi akaambiwa amezaliwa kutawala, Mhutu akaambiwa amezaliwa kulima na kutii. Machifu wa Kihutu wakaondolewa. Shule ya Astrida, iliyoandaa watumishi wa serikali tangu mwaka 1932, ikajaa watoto wa Kitutsi. Kisha, mwaka 1933 na 1934, Wabelgiji wakahesabu watu wa Rwanda na kuwapa vitambulisho vyenye neno moja: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtoto akarithi neno la baba yake. Mlango ukafungwa.

Ndugu zetu, hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Neno liliandikwa na mkoloni, lakini waliolitunza ni watu wetu. Mwaka 1957 wasomi wa Kihutu walitoa tamko la kulalamikia dhuluma iliyokuwa ya kweli, lakini katika tamko hilo hilo walikataa neno lifutwe kwenye vitambulisho. Katika machafuko ya mwaka 1959 Wabelgiji waligeuka, wakawaondoa machifu wa Kitutsi na kuweka wa Kihutu. Watutsi wengi wakakimbilia nchi za jirani. Uhuru ulipokuja mwaka 1962, serikali ya Rwanda iliendelea na vitambulisho vile vile. Mapatano ya Arusha ya Agosti 1993 yaliagiza neno liondolewe katika hati zote. Halikuondolewa. Kuanzia Aprili 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo likawa hukumu ya kifo. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na milioni moja, walio wengi kabisa wakiwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji hayo.

Burundi nayo ilipata mtu aliyetaka kuunganisha watu, Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore. Chama chake kilishinda uchaguzi Septemba 1961, naye akauawa tarehe 13 Oktoba. Mwaka 1972, baada ya uasi wa kusini, serikali na jeshi vilivyoshikwa na Watutsi viliua Wahutu kwa maelfu mengi, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Oktoba 1993 wanajeshi walimwua Rais Melchior Ndadaye. Raia wa Kitutsi wakauawa vilimani, na jeshi likaua Wahutu. Neno lilikuwa limekwisha kuingia vichwani.

Kwa hiyo tunafundisha mambo mawili pamoja. Mkoloni alipanda mbegu, na hilo lazima lisemwe. Lakini aliyeshika panga, na aliyempa amri, alikuwa na hiari yake. Tunajua hivyo kwa sababu wapo waliokataa. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta, kusini mwa Burundi, waasi waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wale walikataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa. Walikuwa wamezaliwa katika historia hii hii kama sisi.

Wazazi, tunawaomba jambo moja. Mnapowasimulia watoto habari za marehemu wenu, semeni yote: mwaka, sababu, na nani alitoa amri. Msimwachie mtoto jina la kabila tu aende nalo kisimani kumtazama jirani. Nanyi wageni wetu, tunajua kazi yenu ni ya orodha. Mnapotugawa katika makundi, kumbukeni orodha zilitufanyia nini, na mtuulize kwanza. Sisi walimu tunaahidi kwamba daftari la mahudhurio litakuwa na jina la mtoto na darasa lake, basi.

Mungu awapumzishe marehemu wetu wote.