Mpira na Daftari



Kila nijapo Ruaruke huulizwa: "Mzee, nikicheza Uingereza si nitakuwa tajiri?" Huwajibu kwa habari za Adi Yussuf. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1992, akalelewa kisoka na timu ya vijana ya Leicester City. Kisha alichezea Burton Albion, Mansfield Town, Grimsby Town na nyinginezo. Mwaka 2019, akitokea Solihull Moors ya ligi ya ngazi ya tano, alikuwamo katika Taifa Stars iliyokwenda fainali za Afrika huko Misri. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini zihesabuni timu hizo! Mikataba ya madaraja ya chini aghalabu ni mifupi. Ukiisha, unafunga mizigo.

Mimi niliacha masomo kidato cha tatu kwa ahadi ya timu moja. Goti likaumia, ahadi ikayeyuka, cheti sina. Nilisoma tena jioni, nikiwa na watoto wawili nyumbani.

Chezeni, tena kwa bidii. Lakini daftari msilitupe.